Kopo la Etta Gault

Mwaka mzima kopo la Etta Gault lilikaa juu ya kabati la nguo chumbani kwa mumewe, na Wilbert alikataa katakata kulishusha. Lilikuwa kopo pana la bati, rangi yake ya bluu imebanduka pembeni, na chini yake kipande cha plasta ya kidonda chenye jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino. Wanawake wote wa kanisa lao, nje kidogo ya mji wa Ballymena, huandika majina yao hivyo. Makopo yakichanganyika pale jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, watu husalimiana kwa shida mpaka Krismasi.

Miaka arobaini kopo hilo lilikuwa na mahali pake katika chai ya Ibada ya Mavuno: mwisho wa meza, karibu na birika kubwa, limejaa vipande vya karameli. Biskuti chini, karameli katikati, chokoleti juu. Etta akiwa hai, nani angethubutu kuleta karameli nyingine? Thelma Purdy alithubutu mara moja, mwaka ule wa theluji nyingi, akarudi kwake na trei imejaa vilevile alivyokwenda nayo. Mpaka leo hajasahau.

Sasa Etta hayupo, na Thelma alikuwa ameshampigia simu Averil, binti wa Etta.

"Averil mpenzi, kamati ya chai imeniomba nishike nafasi ya marehemu mama. Haipendezi ikae wazi mwaka wa pili. Labda kama wewe una nia ya kuleta..."

"Naleta," Averil akasema, kisha akashika kichwa. Alikuwa amejitia kitanzini mwenyewe.

Maana kopo hapewi. Baba yake alishasema, kopo la Etta halitoki nyumbani na kitu ambacho hakina ladha ya Etta. Na Averil alikuwa amejaribu, jamani! Mara tatu alioka kwa kufuata kile kikaratasi cha mama yake neno kwa neno: siagi, sukari, maziwa mazito ya kopo. Daktari alikuwa amemkataza mzee siagi tangu moyo wake ulipomsumbua, lakini kipande kimoja kingemuua? Mara tatu mzee aling'ata, akatafuna taratibu, akarudisha kilichobaki kwenye kisahani. "Kizuri," alisema. "Lakini siyo." Mara ya tatu Averil alikwenda kulia ndani ya gari. Alitaka kumrudishia baba yake kitu kimoja tu cha mama, kimoja, na hata hicho kilimshinda.

Jumamosi, siku moja kabla ya Mavuno, akaja tena jikoni kwa baba yake, safari hii na binti yake Shona, mwanafunzi wa chuo Belfast, ambaye tangu mwaka jana hali chochote kitokacho kwa ng'ombe. Wilbert alikuwa amekamua ng'ombe miaka hamsini. Hakuwa mtu wa kuliacha hilo lipite.

"Karibu, mla majani. Hebu niambie, ng'ombe wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea, Babu. Ndiyo maana nawaachia maziwa yao."

"Loo! Nimewakamua maisha yangu yote, hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Uliwahi kuwauliza?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akachukua kofia yake akaenda zake bustanini. Averil hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikia akicheka.

"Mama, leo tuoke za tende," Shona akasema mlango ulipofungwa.

"Tende? Hii ni karameli ya bibi yako, si chakula cha wagonjwa!"

"Za siagi umeoka mara tatu, amekataa mara tatu. Sasa hofu ya nini?"

Averil akachukua bakuli. Wakachanganya oti za uji na mafuta ya nazi, wakashindilia kwenye trei kwa mgongo wa kijiko, wakaingiza kwenye jiko la makaa. Mafuta yenyewe waliyakuta stoo, chupa imebaki nusu. Siku zote Averil aliamini mama yake alikuwa akijipaka mikononi.

Tende alizokuja nazo Shona wakazitoa kokwa, wakaziloweka kwenye maji ya moto, wakaziponda na chumvi kidogo. Averil akaonja, akakunja uso. Utamu ulikuwepo, basi. Ulikuwa utamu wa bure, hauna mwenyewe.

Wakaanza upya na tende nyingine. Safari hii, Shona alipogeuka kutafuta maji ya moto, Averil alikuwa ameshainua birika la chai lililokaa jikoni tangu asubuhi, chai imekolea mpaka nyeusi, ameimimina yote juu ya tende, vile wanawake wa kwao wanavyoloweka zabibu kavu za mkate.

"Mama! Umefanya nini?"

"Sijui. Mkono umekwenda wenyewe."

Akasimama na birika mkononi, na jambo alilokuwa akilikimbia mwaka mzima likamkamata. Miaka ile ya mwisho, stoo ya mama yake haikukosa jagi la chai baridi lililofunikwa kisahani. "Usimwage hiyo!" mama alikuwa akipiga kelele. Averil alidhani ni uzee. Siku moja alichoka, akaimwaga yote kwenye sinki mama yake akitazama, akamwambia, "Mama, unaanza kuchanganyikiwa." Etta alibandika maji mengine tu. Aibu ya siku ile bado ilimchoma.

Wakatandaza tende, wakamwagia chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa, wakaiacha trei stoo ipoe. Mchana Averil akakata vipande vidogo vidogo, kwa sababu mama yake alisema kipande kikubwa ni cha mwanamke asiyejiamini.

Wilbert akaingia, akanawa, akaketi mbele ya chai yake.

"Kipande, Baba?"

"Aa, nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Usijisumbue, mwanangu."

"Chukua bwana!"

Akachukua. Kwao kitu hukataliwa mara mbili, ya tatu ndiyo hupokelewa, hata mtu awe amekufa njaa. Akatafuna. Akatazama dirishani. Averil alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa nguvu. Ndipo mzee akanyoosha mkono akachukua kipande cha pili, bila kukaribishwa hata mara moja, na Averil na Shona wakatazamana.

"Hii ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ya mama yako. Hii ndiyo yenyewe."

"Baba, usinipake mafuta. Hii haina siagi, haina maziwa. Ni tende na chai ya asubuhi!"

"Najua ni tende. Nilizila miaka minne, tangu nilipotoka hospitali mpaka mama yako alipotutoka." Akafuta vidole polepole. "Nani humwaga majivu ya jiko hili kila asubuhi? Mama yako alizitupa kokwa motoni nisizione. Kokwa ya tende haiungui ikaisha. Nilikuwa nazikuta humo, kumi, kumi na mbili, nyeusi tii. Naenda nazifukia bustanini, asije akazikuta akajua kwamba najua."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Angeona haya, angeacha. Miaka yote kanidanganya kwa ajili ya moyo wangu, mimi nimwaibishe? Nilimwambia, tamu, Etta, ileile ya siku zote."

"Na kule ukumbini?" Shona akauliza. "Walikula hizihizi?"

"Wote. Na Thelma Purdy alikula kuliko wote."

Averil hakucheka. "Mimi je? Nimeoka mara tatu, Baba. Mara tatu!"

"Ningekuambiaje? Siri haikuwa yangu."

Machozi yakamtoka Averil palepale. "Nilimwaga chai yake. Nilimwambia amechanganyikiwa."

"Alinisimulia. Hakuniambia chai ilikuwa ya nini, lakini alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Afadhali anione nimechanganyikiwa kuliko ajue mambo yangu ya jikoni.'"

Mzee akainuka akapanda juu. Wakasikia kiti kikiburutwa, kisha kishindo cha bati. Akarudi na kopo, akalifuta vumbi kwa mkono wa sweta, akaliweka mezani limepinduliwa, plasta ya Etta juu. Akatoa plasta mpya mfukoni.

"Ya kwake usibandue," akasema. "Weka yako pembeni."

Averil akaandika jina lake, akaibandika karibu na ile ya zamani. Shona akaanza kupanga vipande.

"Na kesho ukiulizwa ukumbini," Wilbert akasema, "ni siagi."