Stesheni ya Abiria Kumi na Mmoja

Hutaamini, lakini sikiliza: abiria mia tatu walikuwa wanapotea kila asubuhi, tena kweupe, na hakuna aliyewatafuta!

Ofisi ya reli ilikuwa na dada mmoja waliyemwita Mnajimu, kwa sababu kazi yake ni kukadiria stesheni za nje ya mji zitapata abiria wangapi. Stesheni moja ya pembezoni aliiandikia kumi na mmoja kwa siku. Akatia saini kabisa. Jumatatu saa nne wakubwa wakutane, waamue treni mpya isimame pale au ipite.

Jumapili shangazi yake, mkazi wa huko, alipoisikia hesabu hiyo, akapiga simu.

"Wee mtoto! Kumi na mmoja? Mimi wanaonikanyaga vidole tu wanazidi hao!"

"Shangazi, kompyuta haidanganyi."

"Basi mwambie huyo kompyuta aje apande na sisi!"

Mnajimu akacheka, ila neno likamganda kama kupe. Jioni hiyohiyo akaenda kulala kwa shangazi. Alfajiri yuko jukwaani, simu mkononi, anabonyeza kila anayepanda. Mia tatu na kumi na wawili!

Akageuka kulitazama dirisha la tiketi. Limefungwa! Linafunguliwa saa moja, treni inaondoka saa kumi na mbili na nusu. Watu wanakata tiketi ndani, kwa kondakta, na mashine yake inawaandika wote kama wamepandia mjini. Kumbe Mnajimu alihesabu tiketi za dirishani tu, mama wee!

Saa nne kasorobo, ofisini, mkuu wake aliposikia hayo akamvuta pembeni kwenye korido.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Ukisema umekosea, nani atakuongezea? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu apite, bosi, lakini treni isiwapite wale watu."

Akaingia kikaoni, akasimama wima mbele ya wakubwa.

"Makadirio haya niliyafanya mimi, na nimekosea."

Akawaeleza hesabu ya alfajiri ile na tiketi za kondakta. Mwenyekiti akavua miwani.

"Asubuhi moja haitoshi. Tunataka hesabu ya wiki mbili, ndipo tuamue. Ila mkataba wako, binti, hapo siwezi kukuahidi kitu."

"Sawa, mzee. Kesho alfajiri nipo jukwaani, mkataba uwepo usiwepo."

Haya, mwenzangu, niambie ukweli: saini ni yako, bosi anakukonyeza ukae kimya, kibarua kinaning'inia. Ungesimama?