Hapana ya Alden

Watu wa Corley hawapendi kusifiwa, lakini lipo jambo moja wanalojivunia mpaka linawakera watu wa miji jirani: mji wao unajitawala kwa mdomo. Kila Jumanne ya kwanza ya Machi, theluji iwe imefika magotini au matope yamemeza magurudumu, wanamaliza kukamua ng'ombe, wanafunga maduka, wanajazana ukumbini na kubishana. Barabara ipi itengenezwe kwanza, zimamoto wanunuliwe gari jipya au wavumilie lile bovu, shule ibaki au ifungwe. Mwenye koti la zizini ana kura sawasawa na wakili. Mchana wanakula maharagwe ya kuoka na pai za tufaa meza moja na watu waliotoka kuwarushia maneno, kisha wanafuta midomo na kurudi kumalizia ugomvi.

Aliyeshika nyundo ya mkutano huo kwa miaka mingi alikuwa Odile Charbonneau, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuita mifugo kutoka ng'ambo ya bonde. Nyundo haikuwa mali yake. Kila mwaka jambo la kwanza lilikuwa kumchagua mwenyekiti, na kila mwaka walimchagua yeye, ingawa wengi walimnung'unikia. Alikuwa mkali. Kwake mtu alizungumza na kiti, yaani mwenyekiti, si na mwenzake. Hakuna aliyesema mara ya pili kabla kila mwenye neno hajasema la kwanza. Hakuna kupiga makofi. Waliokatizwa maneno walimwita Jenerali, naye alijua, na tuseme ukweli, jina lilimpendeza.

Mwaka huo, tangu Februari, watu waliacha kumsalimia. Alianza kuhisi posta, pale mazungumzo yalipokatika alipoingia. Akahisi tena kwenye duka la chakula cha mifugo, muuzaji alipomhudumia huku anatazama kalenda ukutani. Odile hakuuliza. Si mtu wa kuuliza kwa nini hapendwi. Ila Alden Whitcomb alipompita na gari lake la mizigo bila kuinua hata kidole kimoja kwenye usukani, hapo moyo ulimwuma. Alden ni jirani wa mpaka mmoja. Mumewe Odile alipofariki, Alden ndiye aliyekuja alfajiri kumkamulia ng'ombe mpaka matanga yakaisha, na hakusema neno la kumfariji hata moja, jambo ambalo Odile alimshukuru zaidi kuliko maziwa.

Bintiye Noémi ndiye aliyetoa simu akamwonyesha sababu. Ilikuwa picha ya video, fupi kuliko kumeza mate. Odile alijiona amesimama jukwaani, nyundo mkononi, uso umemwiva, akisema kwa sauti yake mwenyewe: "Wazee wa mji huu ni mzigo. Wakae kimya wasubiri kufa." Kisha inarudi mwanzo, anasema tena. Chini yake palikuwa na kichwa cha habari na watu wasiohesabika waliomtukana, wengine kutoka majimbo ambayo Odile hajawahi kukanyaga.

Odile aliitazama mara moja akarudisha simu. Alilikumbuka vizuri lile neno. Mwaka uliopita, kwenye mjadala wa shule, kijana mmoja wa zile nyumba mpya za ziwani alimkatiza mzee aliyekuwa akilalamikia kodi, akamwambia wazee wenye kulia kodi ni mzigo tu. Odile aligonga nyundo na kusema: "Mtu asiniambie ndani ya ukumbi huu kwamba wazee wa mji huu ni mzigo, wakae kimya wasubiri kufa. Hao ndio walioujenga." Mtu amekata mwanzo, amekata mwisho, katikati akaibakiza iwe ndiyo Odile.

"Ni gazeti gani hili?" aliuliza.

"Sauti ya Bonde," Noémi akasema. "Kila mtu analisoma, mama. Linaingia lenyewe kwenye simu."

Corley iliwahi kuwa na gazeti. Mhariri wake aliishi mkabala na posta, na akikosea jina la mama yako ulimgongea mlango, akakupa kahawa na wiki iliyofuata akakuomba radhi ukurasa wa mbele. Alipokufa, gazeti lilikufa naye. Hili la simu lilikuja baadaye kimyakimya na picha ya mnara wa kanisa ambao haupo Corley wala popote bondeni. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tusemavyo, lakini waliosema hivyo hawakuijua simu.

Siku zile za Machi barafu huganda usiku na kuyeyuka mchana, na ndio wakati wa kugema miti ya sukari, ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira. Odile alimkuta Alden kwenye kibanda chake, mvuke umejaa hadi darini, anachemsha shira. Alitaka kumaliza jambo lile kijirani, bila ukumbi. Alden hakumkaribisha kiti. Alisema ameona kwa macho yake, mdomo ni wa Odile na sauti ni ya Odile, basi abishe nini tena?

"Umeniona wapi?" Odile akauliza.

"Gazetini."

"Gazeti lipi, Alden? Mhariri wake anakaa nyumba ipi?"

Alden alikoroga shira yake. Akasema lisemwalo lipo. Akaongeza, bila kumtazama, kwamba Jumanne ataitaka nyundo yeye mwenyewe, maana mji hauwezi kuongozwa na mtu anayewaombea wazee kifo. Odile angeweza kumkumbusha pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kiburi kilimzuia, kwa sababu mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kukumbushwa lile jambo alikuwa Alden. Alitoka, akarudi nyumbani matopeni akijisemea maneno ambayo asingeruhusu mtu ayatamke ukumbini.

Noémi alikuwa na dawa. Mwaka uliopita alirekodi mjadala wote wa shule kwenye simu yake, mwanzo hadi mwisho. Akamwambia mama yake waionyeshe mkutanoni kwenye ukuta, watu waone, wanyamaze, yaishe.

"Hapana," Odile akasema.

"Mama, wewe nawe. Watakunyang'anya nyundo kwa uongo na ukweli uko hapa mfukoni mwangu."

"Nikishindwa kwa hoja, nitaiweka nyundo chini na kwenda kula pai. Nimewahi kuona wanaume wakishindwa na hawakufa. Lakini watu wale walikuwemo, Noémi. Walisikia. Kama leo lazima niwaonyeshe simu ili wajue walichokisikia kwa masikio yao, basi kesho mwenye simu kubwa zaidi ndiye atakayetuchagulia mwenyekiti, na bajeti, na mpaka rangi ya milango. Hapo hakuna Corley. Pana ukumbi na joto la jiko."

Noémi alimwambia hiyo ni kamari. Odile alikubali kwamba ni kamari, akaenda kukamua.

Jumanne ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kando ya makoti. Bernice Tuttle, karani wa mji, mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa, alifungua mkutano na kushika kiti kwa muda, maana mtu hawezi kusimamia uchaguzi wake mwenyewe. Jina la Odile lilitajwa, kwa sauti isiyo na furaha. Jina la Alden likatajwa, na minong'ono ikapita viti vyote. Alden alisimama na kofia mkononi. Hakusema mengi. Alisema kila mmoja ameona, hana haja ya kurudia maneno machafu mbele ya watoto, na kwamba yeye ni mzee na bado hajasubiri kufa.

Bernice akamwuliza Odile kama ana jibu. Kwenye kiti cha nyuma Noémi tayari alikuwa ameingiza mkono mfukoni.

"Bi Karani," Odile akasema, "sijitetei. Nina ombi moja. Yeyote aliyekuwemo humu mwaka jana kwenye mjadala wa shule asimame, aseme alisikia nini. Alichosikia, si alichoonyeshwa. Simu zikae mifukoni."

Akaketi. Kila mtu alitazama magoti yake. Odile alianza kuwaza kwamba bintiye alikuwa sahihi, kwamba yeye ni mwanamke mkaidi aliyeupenda mji kuliko mji unavyojipenda.

Wa kwanza kusimama alikuwa Lucius Beede, fundi bomba. Alisema kwa uhakika mkubwa kwamba alimsikia Odile akiwaita wazee mzigo, wazi kabisa, na kwamba nywele zilimsimama.

"Lucius," mkewe akasema kutoka pembeni yake, "mwaka jana ulikuwa Florida kwa kaka yako."

Bernice aligonga nyundo akamwambia Bi Beede azungumze na kiti, si na mumewe.

"Bi Karani," Bi Beede akasema, huku anasimama, "mume wangu alikuwa Florida."

Kicheko kiliupasua ukumbi, na Lucius mwenyewe, mwekundu mpaka masikioni, akaketi akitingisha kichwa kama mtu aliyejikuta amevaa koti la mwenzake. Bi Beede hakuketi. Alisema yeye alikuwepo, alikuwa anafuma soksi. Kijana wa ziwani ndiye aliyetamka neno mzigo. Odile aligonga nyundo kwa nguvu mpaka kahawa yake yeye Bi Beede ikamwagikia uzi, na ndiyo maana anakumbuka, kwa sababu ule uzi haukutakata tena. Odile alisema mtu asimwambie neno lile.

Mwanamume wa upande wa dirisha akainuka kusahihisha: alisema mtu asimwambie ndani ya ukumbi huu. Mwingine akasema la, ndani ya nyumba hii. Wa tatu akasema maneno yaliishia kwenye kujenga mji. Mwalimu mstaafu akakumbuka kwamba hata kijana wa ziwani aliomba radhi wakati wa chakula. Wakaanza kubishana kuhusu ukumbi au nyumba, kwa zamu, kwa kiti, kama walivyofundishwa, na Odile akiwa ameketi amefumba mikono alihisi kitu kinamfunguka kifuani. Walikuwa wanakumbuka. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hakuna kipande kilichotoka kwenye simu.

"Na mzee aliyekuwa akikatizwa," Bi Beede akaanza, kisha akanyamaza. Haikuwa desturi kumtaja mtu ili kumwaibisha. Hakuna aliyegeuka kumtazama Alden. Hiyo ni adabu ya Corley, na ni nzito kuliko kugeuka.

Alden alisimama mwenyewe.

"Bi Karani, mzee yule ni mimi. Nilikuwa nimesimama hapahapa. Yule mtoto aliniambia mimi mzigo, na mwanamke huyu akamnyamazisha. Mchana nilimpelekea Odile kipande cha pai kwa mkono wangu." Alikunja ukingo wa kofia. "Ile picha imekuja kwenye simu yangu asubuhi, mchana, jioni. Nimeitazama mpaka nikasahau nilichosikia kwa masikio yangu. Sijui nani aliikata. Ninachojua hakai Corley. Mimi nakaa Corley, na nikamwamini yeye nikamwacha jirani yangu. Naona haya. Neno langu nalifuta."

Ukumbi ulivuta pumzi. Bernice alimwuliza kwa upole kama basi anaondoa na jina lake.

"Jina siliondoi," Alden akasema. "Odile hakusema vile, na atakayerudia kwamba alisema aje kwangu kwanza. Lakini hii sheria yake ya kutuzuia kusema mara mbili sikuipenda siku ya kwanza na leo siipendi. Mtu hufikiri vizuri baada ya kuwasikia wenzake. Kwa hiyo nitampigia hapana. Sababu ni yangu mwenyewe."

Mtu fulani aliguna. Noémi alimtazama mzee kama anayetaka kumtupia kiatu. Odile alinyoosha mgongo.

Bernice akaliweka jina la Odile mbele ya mkutano. Wanaomtaka waseme ndiyo. Ndiyo ilitoka kwa pamoja, nzito, na vioo vya madirisha vikalia. Wasiomtaka waseme hapana. Pakatoka mnong'ono tu, wa watu wachache wenye aibu, waliotamka neno ndani ya kola za makoti yao. Bernice alinyanyua nyundo ili afunge.

"Bi Karani," Odile akasema, akiwa tayari amesimama. "Sijawasikia wa hapana."

"Odile, umeshinda," Bernice akasema, akasahau kwamba yuko kwenye kiti.

"Najua. Warudie. Waseme kwa sauti ya watu wazima, kila mtu ajue wapo."

Noémi alijishika kichwa. Bernice aliteremsha miwani, akamtazama Odile juu ya vioo, kisha akauuliza mkutano upya: wasiomtaka waseme hapana.

"Hapana," Alden Whitcomb akasema, amesimama wima, kwa sauti ambayo huenda ng'ombe waliisikia. Nyuma yake zikafuata nyingine, moja moja, midomo wazi na vichwa juu: muuza chakula cha mifugo, binamu wawili wa kilimani, hata Lucius Beede ambaye mkewe alikuwa amesema ndiyo. Odile alizipokea zote. Ile ya Alden ilimfika kifuani na kukaa. Ilikuwa ya Alden, imetoka kwa Alden, na hakuna mtu wa mbali aliyeitia mkono. Aliona fahari kubwa kwa mji wake, fahari ambayo hata ile ndiyo kubwa haikumpa, na alipokwenda mbele kuichukua nyundo machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta.