Tezi za Nyuma

Mimi utani sikuwahi kuupenda. Tangu niolewe Itetemia nilimwona mume wangu Raymundi akitukanwa na Saidi, fundi cherehani Mzaramo wa pale mjini Tabora, naye akicheka mpaka machozi yanamtoka. Eti babu zao walianza kutaniana enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na meno ya tembo. Sawa. Lakini mwaka ule, nchi ikiwa bado ya Mwingereza, Raymundi alikuwa na saratani ya tumbo, hata uji haukai, na Saidi kila asubuhi anakuja wodini na futi yake kumpima sanda.

Siku ya upasuaji daktari, Mzungu aliyekijua Kiswahili vizuri, alisimama kando ya kitanda akaeleza bila kuficha. Atakata sehemu ya tumbo yenye uvimbe, pamoja na tezi ndogo zilizo jirani, maana ugonjwa husambaa kupitia humo. Lakini ziko nyingine kwa nyuma, zimeshikana na mishipa mikubwa ya damu. Akizifuata, Raymundi anaweza kuvuja damu akafia mezani. Akiziacha, ugonjwa unaweza kubaki humo ukarudi.

"Hata sisi madaktari hatujakubaliana," alisema. "Unataka nifike wapi?"

Raymundi alinitazama. Tulikwisha kuzungumza nyumbani: chochote kibaya kitolewe chote, liwalo na liwe.

Saidi akamwahi. "Daktari, usizimalize. Mwachie kidogo, sisi watani tupate cha kuzika."

Raymundi akacheka huku ameshika ubavu. "Umesikia, daktari? Mwenye maiti yake ameshasema. Niachie kidogo."

Kwetu mtani unamwacha amalize, unacheka naye, kisha ndipo unasema neno lako. Raymundi alikuwa bado anafuta machozi. Daktari akasema, "Vema, nimekuelewa," akatoka, na machela ikaingia. Nilidhani watamuuliza tena huko ndani. Kumbe walimpa dawa ya usingizi moja kwa moja.

Mchana daktari alitujia kwenye benchi la nje. "Nimetoa uvimbe na tezi za karibu. Za nyuma nimeziona zimevimba. Nimeziacha, kama alivyotaka."

"Bwana daktari," nikasema, "ule ulikuwa utani."

Hakuelewa. Saidi alimweleza, akamwomba arudi akazimalize. Daktari akasema mwili ule hauwezi kustahimili kufunguliwa tena. Na hata kama angeambiwa azifuate, hajui kama angemtoa mezani akiwa hai. Nilitaka kumchukia mmoja wao, yeyote, nikashindwa. Nilichoka tu, mikono imekaa mapajani haina kazi.

Jioni Raymundi akazinduka. Daktari alikuwa ametuonya tusimwambie neno mpaka apate nguvu.

"Mtani, mbona kimya?" akasema polepole. "Daktari amekuharibia biashara, siyo? Najua hakukusikiliza. Amezitoa zote."

Saidi alinitazama.

"Zote," akasema Saidi. "Hasara tupu. Sanda yako nimeishona suruali."

Raymundi akatabasamu, kisha akanigeukia kuona kama nami nacheka.

Nikacheka.