Walii wa Pembe ya Nyumba ya Zazia

Kijijini kwa Zazia, kaskazini mwa Tunisia, mawe ya Warumi yalikuwa mengi kuliko ajira. Kwenye nguzo walifunga punda, na kichwa cha mungu fulani kilizuia mlango wa banda la kuku. Lakini jiwe tukufu lilikuwa moja tu, lile lililobeba pembe ya nyumba ya Zazia, lenye maandishi ya Kilatini yaliyokolea hina na mabusu. Hilo lilikuwa la Sidi Minkser, walii.

Jina lake lilipatikana kwa njia za kisomi. Zamani za bibi yake Zazia alipita padri Mfaransa, akaweka kidole kwenye neno moja, akalisoma kwa sauti: minkserit. Wenye akili wa kijiji wakalikata mkia, wakapata walii. Tangu hapo wanaotafuta watoto hulipaka hina, na wenye mitihani hulibusu. Zazia mwenyewe alikaa miaka saba bila mtoto, na alipojaliwa wa kiume, angemwita nani tena? Leo Minkser ni mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya barabara, mtu wa tai kila siku.

Wasiomheshimu walii ni wanaume wa mkahawa wa jirani tu. Chai ikiwazidi, hujisaidia pale pale pembeni. Kila asubuhi Zazia husugua kwa maji na sabuni, akiwalaani mmoja mmoja kwa jina.

Basi Minkser, kwa kupenda sifa, akaandika barua mji mkuu ili walii asajiliwe. Akaletwa Bwana Ferid, mtaalamu wa mambo ya kale, mwenye brashi, fomu na haraka nyingi.

"Zuri mno!" alisema Ferid akilizunguka. "Hili ni la makumbusho, Bi Hajja. Ijumaa lori linalifuata."

Zazia akajisimamisha mbele ya jiwe. "Likitoka, chumba changu kitasimama kwa dua?"

"Tutaweka matofali."

"Kayaweke huko makumbusho! We Minkser, si ulisema wanakuja kuandika tu?"

Minkser alikuwa anakagua viatu vyake.

"Haya, mnanichukulia walii wangu," alisema Zazia. "Angalau nisomee alichosema."

Ferid akapiga brashi, akasoma kimoyomoyo, masikio yakamwiva.

"Bi Hajja, unajua, watu wa kale..."

"Soma, baba!"

"'Yeyote atakayekojoa hapa, miungu imkasirikie.'"

"Na minkserit?" Minkser aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hiyo... 'atakayekojoa'."

Mwalimu mkuu akalegeza tai. Zazia alimwonea mwanawe huruma, kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha akacheka mpaka akakaa kizingitini. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa akipigana na wale wanaume peke yake!

"Haliendi popote," alisema akifuta machozi. "Huko makumbusho nani anakojoa ukutani?"

"Hakuna, Bi Hajja."

"Sasa mnalipeleka likafanye nini? Limefanya kazi miaka elfu mbili, mnaliachisha hivi hivi? Hapa kazi ipo. Hebu nusa."

Ferid akanusa. Alikuwa mtu wa haki. Kwenye fomu, palipoulizwa matumizi ya zamani, aliandika maneno ya jiwe. Palipoulizwa matumizi ya sasa, aliandika: yale yale. Na kitu kilicho kazini, alisema, yeye hana uso wa kukipakia kwenye lori.

Ijumaa ikapita bila lori. Minkser aliomba kijiji kizima kimwite Mwalimu, na kijiji kikakubali, isipokuwa mtu mmoja. Mwanamume yeyote wa mkahawa akisogelea pembe na kugusa zipu, Zazia hufungua dirisha na kusoma jiwe kwa sauti ya kuwafufua Warumi: "Minkserit!"

Na kutoka ng'ambo ya barabara, kwa mazoea ya miaka arobaini, mwalimu mkuu huitika:

"Labeka, mama!"