Cheche Hayumo

Mara tatu kwa wiki, mpiga pasi wa hoteli alitoka kazini saa saba mchana, nguo zikimnukia mvuke na sabuni, akampitia kaka yake na kumpeleka kusafishwa damu. Figo za kaka zilikuwa zimegoma tangu mwaka jana. Walikaa hospitalini saa nne nzima: kaka kitandani, mirija mkononi, na dada kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Umbea wote wa ukoo walikuwa wameshaumaliza.

Siku moja kaka akasema, "Kadogo, unaikumbuka Jemadari Radi?"

Angeisahau vipi? Ilikuwa katuni ya Jumamosi saa kumi, miaka ile ya tisini, iliyorudiwa tangu mwanzo kila ilipoisha. Televisheni ilikuwa kwa jirani, mama mshonaji, naye alikuwa na sheria yake: kila nyumba mtoto mmoja, maana sebule yake si uwanja wa mpira. Basi kaka, aliyemzidi miaka minne, ndiye aliyekwenda. Kadogo alibaki na vyombo vya mchana, na jioni alisimuliwa kila kitu. Hakuwahi kuona hata sehemu moja, lakini aliijua yote. Na zaidi ya wote alimjua Cheche, binti mwembamba aliyepenya kuta kama moshi, aliyechelewa kufika vitani kila mara, na kila mara ndiye aliyeokoa jahazi.

Kumbe kuna mtu alikuwa ameiweka yote mtandaoni, sehemu ishirini na sita, picha zimejaa chengachenga. Kadogo aliegemeza simu kwenye chupa ya maji, wakaanza.

Jemadari aliruka na joho lake jekundu, mji ukapita nyuma yake, na nyumba ileile ya njano ikapita mara tano.

"Hiki ndicho tulichokuwa tunapigania kukiona?" kaka aliguna.

Kadogo alicheka, akasinzia, akaamka shingo imekakamaa. "Cheche ameshatokea?"

"Bado."

Wiki ya pili alipiga pasi mashuka ya mkutano mzima wa wageni, na alipofika hospitalini miguu ilikuwa inawaka moto. Walifika sehemu ya tisa. Jemadari alipigwa, akainuka, akashinda peke yake.

"Hapa si ndipo Cheche alipoingia kupitia ukuta wa benki?"

"Labda ni sehemu nyingine," kaka alisema, akiangalia dari.

Hapo Kadogo akashtuka. Kaka yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu aliyethubutu kusahihisha tarehe msibani, mbele za watu. Neno "labda" halikuwa lake. Akaisimamisha picha.

"Kaka. Yumo au hayumo?"

Mashine ilizunguka. Kitanda cha pili mtu alikohoa.

"Hayumo," kaka alisema. "Hakuwahi kuwemo."

"Alitoka wapi?"

"Kwako. Wiki ya kwanza nilikusimulia kama ilivyokuwa, ukauliza wasichana wako wapi. Nikasema hakuna. Ukatupa dodoki, ukasema Jumamosi ijayo unakwenda wewe, mimi nioshe. Nikaona hapa nimekwisha. Nikakwambia, ngoja, yuko mmoja, nilimsahau."

Kadogo alimtazama. Mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine: Cheche aliyechelewa kwa sababu ya kazi za nyumbani, Cheche mwenye vidole vilivyosinyaa kwa maji, Cheche anayeitwa na mama yake katikati ya vita. Miaka mingi, msimamizi wa dobi alipompigia kelele, alikuwa akijisemea kimoyomoyo kwamba hata Cheche alipigiwa kelele.

"Mwaka ule ukaniambia amehamia mji mwingine. Nililia siku mbili."

"Nilikuwa naenda shule ya bweni. Ningemwachia nani?"

"Kwa hiyo miaka mitatu niliosha sufuria zako kwa mtu asiyekuwepo."

"Nilimtunga kwa shida, Kadogo. Mimi si mtu wa kutunga. Nilikuwa naangalia katuni huku nahesabu wapi nitampachika. Hata kuifurahia sikuifurahia." Alifumba macho. "Umenikasirikia?"

"Sasa hivi sina nguvu. Nikipumzika nitakasirika."

Na kweli alikasirika, Jumapili, siku yake ya mapumziko, akifua nguo zake mwenyewe. Alikasirika vizuri mpaka saa sita. Mchana hasira ikaisha, akabaki anamkumbuka tu yule mvulana wa miaka kumi na miwili kwenye sakafu ya jirani, amebanwa na watoto wa watu, anakuna kichwa.

Jumatatu alimpitia kama kawaida. Muuguzi alipomaliza kumuunganisha kaka na mashine, Kadogo alitoa simu, akaiegemeza kwenye chupa, akabonyeza sehemu ya kumi.

"Bado unaitaka?" kaka aliuliza.

"Tuna saa nne. Utafanya nini kingine?"

Jemadari alizingirwa ghalani na watu wa chuma. Kaka alikohoa kidogo, akanyoosha kidole cha mkono usio na mirija.

"Hapa. Hapa ndipo nilipomwingiza. Alipitia ule ukuta wa kushoto, bado amevaa aproni."

"Wa kushoto?"

"Wa kulia kulikuwa na moto."

Wakaendelea hivyo wiki hiyo na iliyofuata, kaka akionyesha kila alipomwingiza Cheche, sauti ikififia damu ilipokuwa ikizunguka. Mahali pengine alikuwa amesahau, Kadogo ndiye akamkumbusha. Sehemu ya ishirini na sita Jemadari alishinda, akaruka kuelekea jua, nyumba ya njano ikapita, majina yakaanza kupanda.

"Ndiyo hiyo tu?" Kadogo aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu."

Muuguzi alichomoa mirija, akafunga bendeji. Kadogo alimvalisha kaka viatu, maana siku hizo kuinama kulimtia kizunguzungu, wakashuka ngazi polepole, wakipumzika kila baada ya vidato vitano.