Nyumba ya Mama na Mkate Wenye Sukari

Glenna Stamper alitaka kufia katika nyumba ya marehemu mama yake, huko milimani Kentucky. Tatizo ni kwamba nusu ya nyumba hiyo ilikuwa ya mdogo wake Twyla, na Twyla alikuwa ametia sukari kwenye mkate wa mahindi siku ya mazishi. Mbele za watu! Na huko milimani, mkate wa mahindi hautiwi sukari kamwe. Glenna akamwambia amemwaibisha mama. Twyla akajibu kwamba basi atauza nusu yake kwa yeyote, hata mfuga nguruwe.

Hasira za akina Stamper hazina breki. Asubuhi iliyofuata Glenna alisaini benki, mbele ya mthibitishaji wa saini, hati ya kuachia haki, ile isiyoahidi chochote: nilicho nacho hapa, kama kipo, chukua. Akaisajili mahakamani kwa jina la Twyla. "Aimeze yote!" alisema, kisha akarudi kwenye nyumba hiyo, alikokuwa akiishi, kufunga mizigo huku analia, maana hakuwa na pa kwenda.

Mchana alipopeleka ufunguo mahakamani ili karani ampe Twyla, alimkuta Twyla mwenyewe kaunta, macho mekundu.

"Dada, nisamehe. Nimekuachia nusu yangu. Nimeshasaini, imeshasajiliwa."

"We mjinga! Mimi asubuhi nimekuachia yangu!"

"Basi tumebadilishana tu. Tuko palepale."

Bi Loretta, karani, alivua miwani. "Hampo palepale. Asubuhi Glenna alikupa yake, ukawa na nyumba nzima. Sasa hivi, kwa hati ya aina ileile, umempa chote ulichokuwa nacho. Nyumba yote ni yake."

"Lakini mimi nilitaka kutoa nusu!"

"Hati haiulizi ulitaka nini, mwanangu."

Glenna alicheka mpaka akashikilia kaunta. Kisha akamtazama Twyla, ambaye naye alizaliwa katika nyumba ileile, na kicheko kikamkauka. Alimwonea huruma kweli.

"Loretta, nipe kalamu nimrudishie nusu."

"Weka kalamu chini!" Twyla alifoka. "Tukizidi kusaini, nyumba itakuwa ya Loretta!"

Glenna akamtia ufunguo mkononi. "Basi chukua huu. Unga wa mahindi uko kwenye gari, pamoja na mizigo. Twende nyumbani ukapike."

"Na sukari je?"

Glenna alitazama huku na huko.

"Tia," alisema. "Ila funga mlango kwanza, majirani wasione."