Kidole Tu

Mtaimbo ulimwangukia Jenoveva Alhamisi asubuhi, mlangoni mwa jiko. Ulikuwa umeegemezwa palepale alipomkataza mumewe kuuegemeza. Pastory alikuwa akichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yao mpya huko Bweri, na kila akipumzika aliuacha mtaimbo popote mkono ulipochokea. Jenoveva alipita na sufuria ya maji, kanga ikaunasa, na kile chuma kikamshukia kwenye kidole cha pili cha mguu wa kushoto.

Alipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika. Pastory akaja mbio, akautazama mguu, akayatazama maji yaliyomwagika, kisha akasema, "Si uwe unaangaliaga unakopita!"

Pole hakusema.

Bodaboda ilimpeleka zahanati. Muuguzi alikibonyezabonyeza kidole, ambacho tayari kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi kama zambarau. "Huenda kina ufa, huenda kimevunjika kabisa," alisema. "Picha ni mpaka uende mjini. Ila maadamu kimenyooka, hata kama kimevunjika tiba yake ni hiihii." Akaweka pamba kati ya kidole kile na jirani yake, akavifunga pamoja kwa plasta, akampa dawa za maumivu. Mguu ukae juu, alimsisitiza, ukandwe kwa maji ya baridi, na asisimame jikoni.

Asisimame jikoni! Jenoveva alicheka kwa uchungu njia nzima, mpaka dereva akageuka kumtazama.

Jioni simu ya Pastory iliita. Alikuwa dada yake, Hyasinta, kutoka Kiabakari. Jumamosi wageni wanaleta mahari ya binti yake. Jenoveva alikuwa chumbani, mguu ameuweka juu ya gunia la mahindi, na kila neno la mumewe lilimfikia.

"Atakuja," Pastory alikuwa akisema. "Aa, ni kidole tu. Kesho kutwa atakuwa ameshasahau."

Damu ilimchemka. Tangu aolewe, hapakuwa na shughuli ya ukoo wa Pastory ambayo hakuipika yeye. Kwenye msiba wa baba mkwe, kule Butiama, alisonga ugali wa umati akiwa na mimba kubwa. Kipaimara cha watoto wa Hyasinta alikipikia akiwa na homa. Walimwita "mpishi wetu", na yeye, kwa ujinga wake, alikuwa akifurahi.

"Baba Isaya! Niletee hiyo simu."

"Ameshakata."

"Basi mpigie umwambie siendi."

Pastory alisimama mlangoni. "Mama Isaya, unataka kuniaibisha kwa ajili ya kidole?"

"Wewe ulipojikata na panga nilikulisha kwa mkono wangu huu. Ukiumwaga jino, hata redio inazimwa humu ndani. Mimi nimeangukiwa na chuma ulichokiacha wewe, halafu..."

Alikuwa akiongea na mlango. Pastory alikwisha kutoka. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Mazungumzo yakianza kuwa mazito, anakumbuka kuna mtu wa kumwona huko barabarani, na akirudi mkewe keshalala.

Hakumpigia dada yake. Jumamosi asubuhi Hyasinta alimpigia Jenoveva mwenyewe.

"Wifi, uko wapi? Ng'ombe ameshachinjwa, mchele umeoshwa!"

"Siji, wifi. Mguu wangu umeumia. Kaka yako hakukwambia?"

"Amesema kidole. Kidole tu, wifi?"

"Weka cha kwako chini ya mtaimbo, halafu unipigie tena," Jenoveva akasema, na akakata.

Pastory alivaa shati lake jeupe, akaondoka bila kumwachia hata ndoo ya maji. Siku ile Jenoveva alitembea kwa kusukuma kiti cha plastiki mbele yake, mguu mmoja ukining'inia. Bomba lilikuwa mwisho wa uwanja, na kiti hakikupita kwenye mawe ya ujenzi. Akaketi chini, akajiburuta kwa makalio, kindoo mapajani, mama mzima mwenye mtoto anayefanya kazi Mwanza. Aliporudi nusu ya maji yalikuwa yamemwagikia kwenye nguo. Alikula viazi vya jana, vya baridi. Alilia pia, lakini si kwa maumivu. Alikuwa amekasirika mpaka meno yakamuuma.

Pastory alirudi jioni ananukia pilau, mikono mitupu. "Umewaudhi watu," alisema. "Wali umeungua, wageni wamekula wanaangaliana." Akalala.

Jumapili hawakusemeshana. Jumatatu asubuhi Pastory alishuka shimoni kuendelea na kazi. Shimo lilikuwa limeshammeza, hata akinyoosha mikono juu haifiki ukingoni. Jenoveva alikuwa kitandani akisikia mtaimbo ukigonga, tu, tu, tu, na kila pigo lilimpanda mpaka kwenye kidole. Ghafla akainuka. Alisukuma kiti chake hadi nyuma ya nyumba, akaketi ukingoni, mguu akauweka juu ya rundo la udongo. Kisha akaishika ngazi aliyoshukia mumewe, ile nyepesi ya miti ya mirunda, akaivuta juu kidogokidogo mpaka ikatoka yote.

Mtaimbo ukanyamaza.

"Mama Isaya! Ngazi inaenda wapi?"

"Inapumzika."

"Acha utani. Nitatokaje?"

"Hutoki. Kila nikiongea unatokaga nje. Leo hakuna nje."

Akaanza. Alianza na ule msiba wa Butiama, akaja na homa ya kipaimara, akaja na maji ya Jumamosi. Alisema kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. Pastory akajaribu kuingilia, "Basi, nimeelewa."

"Hujaelewa! Ndiyo kwanza naanza."

Gati, jirani yao, alikuwa akipita na beseni la dagaa. Akasimama. "Mama Isaya, kwema?"

"Kwema. Naongea na mume wangu."

Gati akatazama huku na huku, mume hamwoni. Akaondoka haraka.

Jenoveva alisema mpaka koo likamkauka. Halafu sauti ikatoka chini: "Kinauma sana?"

Hilo, tangu Alhamisi, hakuna mtu wa nyumba hiyo wala ukoo huo aliyemuuliza.

"Kinauma mpaka gotini. Shuka likikigusa naona nyota."

"Pole, mke wangu."

"Pole ya shimoni siitaki. Utanipa ukiwa juu, ambako unaweza kukimbia."

Akaishusha ngazi. Pastory akapanda, udongo umemjaa mpaka kwenye kope. Akaliangalia geti la kutokea barabarani. Jenoveva alimwona akiliangalia. Kisha akaketi juu ya lile rundo, karibu na ule mguu.

"Pole. Ule mtaimbo niliuacha mimi." Akatoa simu, akampigia dada yake palepale. "Dada, nilikudanganya. Mguu umevimba vibaya, na kosa ni langu." Hyasinta alisikika akilalamika, na Pastory akamwacha alalamike.

Hasira hazikuisha siku ile. Pastory alipika wiki mbili, ugali wa mabonge, na Jenoveva alimwambia kila mara kwamba una mabonge. Kidole kilipona kikiwa kimeinama kidogo, na kwenye viatu vya kufunika bado humsumbua.

Mwezi ulipopita Hyasinta alikuja kutoka Kiabakari na jogoo mkubwa kwapani. Hakuomba radhi. Alikaa sebuleni na jogoo wake, akisubiri mpishi wao amchukue. Jenoveva alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za watoto, kisha akamwonyesha jiko liliko.